Fomu ya tuzo ya utalii: mpe jaji mstari wa kunyooshea kidole

Msimu wa tuzo ukikaribia huwa naletewa swali lilelile na watu tofauti, mwenye hoteli ndogo, mwenye boti ya kutembeza wageni, mwongoza watalii aliyejiajiri, wote wanauliza "tunaingia tuzo za utalii za kanda, sasa kwenye fomu tuandike nini?" Nimejibu kwenye simu mpaka nimechoka, kwahiyo leo naandika, nikiulizwa tena natuma linki tu basi.

Mimi nimeandika hizi fomu kwa niaba ya watu, afu nimekaa pia upande wa pili kwa majaji, na kitu ambacho wenye biashara wengi hawakijui ni kwamba jaji anatoa alama kwa alichokisoma, siyo kwa anachokijua wala alichokisikia mtaani. Hata kama aliwahi kulala kwako akafurahi mno, hata kama kanda nzima inakujua wewe, kama kwenye swali la tatu umeandika stori isiyojibu swali la tatu basi swali la tatu umelikosa, imeisha hiyo. Anakuwa na karatasi ya vigezo pembeni na wenzake kwenye kikao watamuuliza, hii 8 umeitoa wapi? Inabidi aoneshe mstari. Kazi yako wewe mwandishi wa fomu ni kumpa huo mstari, aunyooshee kidole, aseme nimeitoa hapa.

Kabla ya yote lakini angalia ni tuzo ya aina gani maana siyo zote zinashindaniwa kwa kalamu. World Travel Awards kwa mfano, ile iliyoanza 1993, inaendeshwa kwa kura, za wadau wa sekta na za watu wa kawaida, pale unachohitaji ni kampeni ya kuomba kura, siyo insha nzuri. Zingine ni za maombi ya maandishi na ndo ninazozizungumzia hapa. Uingereza wana mfumo ambapo mashindano ya kanda yanalisha tuzo za kitaifa za VisitEngland, shirika lao la kutangaza utalii, Australia nao washindi wa majimbo wanaenda kushindana kitaifa, na kule ukishinda kipengele kilekile miaka 3 mfululizo unaingizwa kwenye orodha ya heshima. Maana yake ni kwamba fomu ya kanda siyo kijifomu cha mazoezi, mara nyingi maandishi hayohayo au yanayofanana nayo ndo yanakupeleka juu, kwahiyo usiandike kama mtu anayejaribu tu bahati.

Afu kuna zile za tatu, unaletewa imeili kwamba hongera umeshinda, hukuomba, hukupigiwa kura, unachotakiwa ni kulipia cheti na meza kwenye hafla. Futa.

Haya, kipengele. Watu wanapenda kuingia kipengele chenye jina kubwa, "biashara bora ya utalii ya mwaka" na kadhalika, wakati kwenye kipengele cha huduma ya kipekee au utalii unaofikika na watu wenye ulemavu wangekuwa na vitu vya kuonesha vingi zaidi. Mimi kipimo changu ni rahisi, chukua vigezo vya kile kipengele, kila kigezo jiulize nina ushahidi gani wa karatasi au wa picha au wa namba, ukikuta nusu ya vigezo huna kitu, hama. Na soma masharti ya kushiriki, kuna zinazotaka biashara iwe imefanya kazi muda fulani, kuna zinazotaka uwe umekaguliwa au una leseni hai, watu wanaenguliwa kwa vitu hivi kila mwaka na kilio chake huwa kikubwa kwasababu waliandika vizuri.

Fomu zenyewe ukizisoma nyingi zinazunguka mambo yaleyale. Wewe ni nani na unatoa nini, nini kinakutofautisha na wengine, umeboresha nini ndani ya kipindi fulani (mara nyingi mwaka 1 au 2 iliyopita), maboresho hayo yameleta matokeo gani, na mwaka ujao unafanya nini. Angalia vizuri hicho kipindi. Mtu anaandika kwa mbwembwe bwawa la kuogelea alilojenga miaka sita nyuma wakati swali linasema miaka 2, jaji anatikisa kichwa anapita, hata angelipenda hilo bwawa vipi hana pa kuliweka.

Sasa twende kwenye sentensi yenyewe maana hapa ndo fomu nyingi zinafia. Hii nimeitunga lakini mkikaa na fomu za watu mtaikuta kwa sura mia:

"Sisi ni nyumba ya wageni inayoongoza kwa huduma bora, wafanyakazi wetu ni wakarimu na tunamjali mgeni kuliko kitu chochote."

Isome kama jaji. Ana fomu nyingine kibao mezani na zote zinaongoza kwa huduma bora, zote wakarimu. Mstari wa kunyooshea kidole uko wapi? Haupo. Sasa jiulize maswali ya kitoto tu, unamjali kivipi, nani anafanya, lini, ulijuaje kwamba inahitajika, afu ikawaje. Ukijijibu unaweza kupata kitu kama hiki:

"Wageni kadhaa waliandika kwamba njia ya kutoka mapokezi mpaka vyumba vya nyuma ina giza na mawe yanateleza. Mwezi uliofuata tuliweka taa za sola kila baada ya hatua chache, tukabadilisha mawe, na mlinzi wa usiku sasa anamsindikiza mgeni anayefika baada ya saa 2 usiku. Kwenye maoni 46 tuliyopata tangu hapo hakuna hata moja lililolalamikia njia, na 9 yamemtaja mlinzi kwa wema."

Angalia kilichotokea. Hakuna hata neno moja la kujisifu humo lakini jaji anakuona unasikiliza wageni, unachukua hatua haraka, unafundisha wafanyakazi na unapima. Vigezo vinne kwenye aya fupi! Na yule mlinzi wa usiku ndo ninayempenda mimi hapo, kwasababu fomu nyingi zinasema "timu yetu" kama wingu vile, hakuna mtu ndani yake anayefanya kazi inayoonekana. Weka watu. Siyo lazima majina, kazi zao zinatosha, mpishi, dereva, dada wa usafi aliyependekeza kitu kikafanyika.

Mpangilio wa kukusaidia ni tatizo au fursa, mlichofanya, kilichobadilika, mnajuaje. Hiyo ya mwisho ndo wengi wanaiacha. "Wageni wamefurahi sana", umejuaje? Kama ni maoni ya mtandaoni sema mangapi na wastani ulikuwa ngapi ukawa ngapi. Kama ni daftari la mapokezi piga picha ukurasa. Kama huna kipimo chochote bado hujachelewa, anza na lile swali moja la kumuuliza mgeni anapoondoka, kutoka 0 mpaka 10 ungetupendekeza kwa rafiki yako kwa kiasi gani, waliosema 9 na 10 unawahesabu kama asilimia ya wote, waliosema 0 mpaka 6 nao asilimia ya wote, unatoa ya pili kwenye ya kwanza unapata alama yako, wa 7 na 8 wanabaki tu kwenye jumla ya waliojibu. Njia hii ilitangazwa na mshauri wa biashara wa Kimarekani Fred Reichheld mwaka 2003 na mahoteli makubwa wanaitumia, lakini haihitaji programu wala mtaalamu, daftari na kalamu vinatosha.

Namba jamani. Namba ndo zinamtofautisha anayeijua biashara yake na anayeongea. Ila zina mitego. "Tumekua kwa asilimia 200", sawa, kutoka wapi? Kama mlitoka vikundi 2 mkafika 6 ni kweli hiyo ni asilimia 200 lakini jaji akigundua mwenyewe atahisi ulitaka kumficha, bora useme tulikuwa na vikundi 2 sasa tuna 6, inaeleweka na inapendeza vilevile. Kujaa kwa vyumba nako watu wanaandika "tunajaa karibu muda wote" wakati hesabu ni nyepesi, una vyumba 8, mwezi wa siku 30, hiyo ni 8 mara 30 sawa na vyumba 240 vya kuuza kwa mwezi mzima, kama uliuza 150 basi ni asilimia 62.5. Andika 62.5 na useme mwaka jana mwezi uleule ilikuwa ngapi. Mwezi uleule, siyo mwezi wowote, maana ukilinganisha msimu wa wageni na msimu wa ukame wa wageni kila mtu anaonekana shujaa.

Na kuna mtego mmoja wa miaka ya karibuni ambao bado nauona, mtu analinganisha na 2020. Mwaka 2019 dunia nzima ilikuwa na safari za watalii wa kimataifa karibu bilioni 1.5, mwaka 2020 korona ikazikata kwa karibu robo tatu, kwahiyo grafu yoyote inayoanzia hapo inapanda tu hata kama hukufanya kitu. Majaji wanalijua hilo, wengi wao walikuwa na biashara wenyewe kipindi kile. Ukitaka kuonesha mmesimama tena weka na 2019 pembeni, hata kama hamjaifikia, ukieleza kwanini hamjaifikia inasaidia zaidi kuliko kuikwepa.

Kama hutaki kutoa namba za pesa mbele ya majaji wanaoweza kuwa washindani wako, na mimi nakuelewa kabisa, toa asilimia ya ongezeko, au wageni waliorudi mara ya pili, au siku wanazokaa kwa wastani, au wangapi waliagiza moja kwa moja kwako bila kupitia tovuti za kati zinazokata kamisheni. Hiyo ya mwisho naipenda sana maana inaonesha kazi ya masoko bila kufungua vitabu vya hesabu.

Kipengele cha mazingira na uendelevu. Hapa nikisoma fomu huwa nashika kichwa. Kibao cha bafuni, "tafadhali tumia taulo tena tuokoe maji", bado mtu anakileta kama mafanikio makubwa. Mwaka 1986 huko Marekani mwanamazingira Jay Westerveld alishaandika kuwasema mahoteli kwa hichohicho kibao, kwamba wanapunguza gharama zao za kufua afu wanajivika joho la kuokoa dunia, na hiyo ni karibu miaka 40 iliyopita. Siyo kwamba usiweke kibao, weka, ila kisiwe ndo jibu lako. Vigezo vya GSTC, lile baraza la dunia la utalii endelevu, vinagawanyika sehemu nne, usimamizi, faida za kijamii na kiuchumi kwa watu wa eneo, utamaduni, na mazingira, na watu wengi wanaandika ya nne peke yake. Kumbe wana majibu mazuri kwenye ya pili wala hawajui kama yanahesabika, wafanyakazi wangapi wanatoka jirani, manunuzi ya jikoni kiasi gani yanatoka kwa wakulima na wavuvi wa karibu, nani amepandishwa cheo kutoka chini, waongozaji wa kujitegemea wanalipwa lini na kwa utaratibu gani. Hivyo vyote ni mistari ya kunyooshea kidole. Na kama mnapima umeme na maji toa kiasi kwa kila usiku wa mgeni (mgeni mmoja kulala usiku mmoja), siyo jumla, kwasababu jumla ikishuka inaweza kuwa mmekosa wageni tu.

Ufikikaji kwa watu wenye ulemavu nao unazidi kupewa uzito, siku hizi kuna fomu zinauliza hata kama hujaingia kipengele hicho. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, karibu mtu 1 kati ya 6, kwahiyo ukijibu "hatujawahi kupata mgeni mwenye ulemavu" jaji anajiuliza kama hawaji kwasababu hawapo au kwasababu tovuti yako haiwaambii chochote. Na jibu zuri halihitaji lifti. Andika upana wa mlango kwa sentimita, ngazi ziko ngapi kabla ya chumba, bafu lina kizingiti au halina, nani amefundishwa kumhudumia mgeni asiyeona. Kama kuna kitu hakifikiki kabisa sema hakifikiki na mnampa nini badala yake, mgeni mwenye kiti cha magurudumu anataka ukweli wa vipimo kuliko maneno "tunakaribisha wote", na jaji vilevile.

Mipango ya mbele watu wanaijibu kama wanaomba dua. "Tunatarajia kupanuka na kuwa bora zaidi". Hapana bwana. Chagua vitu vichache, kila kimoja sema mnafanya nini, kwanini hicho na siyo kingine, lini, nani anasimamia na mtajuaje kimefanikiwa. Kama kimeanza, hata kwa kuongea na fundi tu au kupata makadirio ya gharama, taja. Na kiwe kinatokana na ulichosema juu, kama kwenye matokeo ulisema wageni wa familia wameongezeka afu kwenye mipango unajenga ukumbi wa mikutano bila maelezo, jaji anaona watu wawili tofauti wamejaza fomu. Mara nyingi ndo kweli, wawili wamejaza wasiongee.

Ukomo wa maneno uheshimu. Mfumo mwingine unakata wenyewe, sentensi yako ya mwisho ambayo ndo ilikuwa na matokeo inaishia njiani. Andika kwenye dokyumenti pembeni, hesabu, afu ndo ubandike. Kama wamekupa maneno 300 na una maboresho matatu usitumie 200 kwa la kwanza, na usirudie historia ya biashara kila swali, mtu wa kuanzisha hoteli na bibi yake aliyempa kiwanja wakitajwa mara moja wanatosha.

Kuhusu akili mnemba, najua mtauliza. Itumie kusafisha makosa ya tahajia au kupunguza maneno, sina tatizo. Ila ukiiachia iandike yenyewe itakuandikia ile sentensi ya "huduma bora na ukarimu" kwa mapambo zaidi, na jaji anayesoma fomu nyingi siku moja anaanza kuziona zinafanana hadi koma, afu ile yenye mlinzi wa usiku na mawe yanayoteleza inakuja anaamka kwenye kiti. Mashine haijui kuhusu mawe yako.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye fomu lakini kinapimwa ni uwepo wako mtandaoni. Mifumo mingi majaji wanaingia kwenye tovuti yako, kurasa zako za kijamii na maoni ya wageni kabla hata ya kukuita, na kuna wanaoupa alama kabisa. Kwahiyo wiki ya kutuma fomu fungua tovuti yako kwenye simu ya bei rahisi, siyo kompyuta ya ofisini, uone inafunguka kwa muda gani, namba ya simu ukiibonyeza inapiga, saa za kufungua ni za kweli, picha bado ni za mahali palivyo leo. Maoni mabaya usihangaike kuyaficha, jaji anaangalia ulijibuje. Mgeni kalalamika maji ya moto hakuna, jibu la "pole sana, tulikuta bomba la chumba hicho lina hitilafu, limebadilishwa siku ya pili" linakupa alama kuliko maoni kumi ya nyota tano ambayo hujajibu hata moja. Jibu la kumgombeza mgeni, basi tena, nimeona fomu nzuri kabisa ikishuka kwa jibu moja la hasira.

Viambatanisho usitupie kila kitu. Kama wamesema vitano weka vitano, vipe majina yanayoeleweka, "maoni ya wageni Januari hadi Juni" siyo "IMG" na manamba, na ndani ya jibu lako mwambie jaji aangalie kipi. Picha ya mgeni iwe na ruhusa yake. Barua ya jirani au ya kikundi mnachofanya nacho kazi ni bora ieleze kitu kimoja kilichotokea kuliko kuwasifia ukurasa mzima.

Mtafute mtu asiyejua biashara yako asome kabla hujatuma, asiwe mke wala mume wala meneja wako. Mpe kalamu umwambie apige mstari kila sehemu inayothibitisha kitu. Ukirudishiwa karatasi na swali zima halina mstari hata mmoja unajua pa kurudi.

Ukipita mchujo kuna uwezekano wa jaji kuja, na kwa mifumo mingine anakuja kimya kama mgeni wa kawaida, anapiga simu kuulizia chumba, anatuma imeili saa za ajabu. Ndo maana wafanyakazi wote wanatakiwa wawe wameisoma hiyo fomu. Siyo wakariri, wasome tu, maana umeandika mlinzi anasindikiza wageni usiku, jaji akifika saa 3 usiku na begi lake mlinzi akamuonesha njia kwa kidole tu, yale maneno yako mazuri yanageuka kuwa kesi. Ukiwa huna uhakika kitu kinafanyika kila siku kiondoe kwenye fomu, au kianzishe kweli ukipe miezi kadhaa kwanza.

Nakala ya ulichotuma itunze na folda ya ushahidi iache wazi mwaka mzima, kila maoni mazuri au mabaya, kila risiti ya ukarabati, kila picha ya kabla na baada inaingia humo na tarehe yake. Matokeo yakitoka, umeshinda au hujashinda, waandikie waandaaji uombe maoni ya majaji kwa kila swali, wengine hawayatoi mpaka uombe, na mara nyingi ni mistari michache tu lakini inakwambia swali gani hukulijibu.